Waridi zuri lisilonukia, na siri ya maua makavu ya kunukisha nyumba

Hebu shika waridi lolote linalouzwa kando ya barabara jijini Nairobi, lile jekundu lenye shina refu na lisilo na doa hata moja. Lisogeze puani uvute pumzi. Je, umesikia harufu gani? Huenda ukasikia harufu ya majani mabichi, au ya maji yaliyolala ndooni. Harufu ya waridi yenyewe hutaisikia, na ukiisikia itakuwa kwa mbali sana, kama redio ya jirani wa ploti ya pili. Usidhani umeshikwa na mafua. Ua ndilo lisilo na harufu.

Mimi na jirani yangu tuliligundua jambo hilo tukiwa tumekwisha kutoa pesa.

Jirani huyo ni mama wa watoto watatu, na tunakaa naye katika ploti moja hapa Mathare, upande wa Mlango Kubwa, mwendo mfupi kutoka Juja Road. Ameniomba nisimtaje jina, kwa hivyo nitamwita Mama tu. Siku tatu kwa juma yeye huvuka Thika Road kwenda Muthaiga kufulia watu nguo. Ni katika nyumba moja ya huko alikoona bakuli la kioo mezani, limejaa maua yaliyokauka, maganda na vijiti. Alidhani ni takataka zilizosahauliwa, nusura azimwage. Mwenye nyumba alipomtajia bei aliyonunulia vitu vile, Mama hakuamini. Jioni hiyo alinijia mlangoni akicheka peke yake.

"Dada," akaniambia, "kumbe ua likifa huuzwa ghali kuliko likiwa hai!"

Zamu yake ya chama ilikuwa imekaribia. Pesa hizo kwa kawaida hulipa kodi ya nyumba na sare za shule. Safari hii Mama akaamua kwamba sehemu kubwa itaingia kwenye maua. Nami, kwa kuwa ni mwandishi na nimesoma mengi kuhusu mapambo ya nyumba, nikajitia mshauri. Tulifanya makosa mawili makubwa. Moja lilikuwa langu, na ndilo nitakalolieleza kwanza ili lisikupate wewe.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Madukani huitwa potpuri. Jina hilo ni la Kifaransa, na ukilitafsiri neno kwa neno maana yake ni chungu kilichooza. Hapo awali lilikuwa jina la mchuzi wa nyama na mboga za kila aina, kabla halijapewa maua. Wala usione ajabu kwamba maua yalipewa jina kama hilo. Njia ya zamani ilikuwa kupanga petali za waridi zilizokauka nusu ndani ya chungu, tabaka la petali na tabaka la chumvi ya mawe, kisha kufunika kwa majuma mengi mpaka zishikane na kugeuka rangi ya udongo. Sura yake haikupendeza hata kidogo. Ndiyo maana vyungu vyake vilitengenezwa na vifuniko vyenye matundu, harufu ipate kutoka bila mgeni kuona kilichomo. Hii ya kukausha kabisa na kuweka bakulini ili itazamwe ni njia nyepesi zaidi, na ndiyo Mama aliyoiona Muthaiga.

KUVU CHINI YA KITANDA

Mama alinunua maua yake tarehe 15 Februari, mwaka wa 2024. Siku hiyo hakuichagua kwa bahati. Tarehe 14 ni sikukuu ya wapendanao, na kila mwenye mchumba jijini hutafuta waridi. Kesho yake muuzaji aliyebaki na ndoo nzima hataki kuzungumza sana kuhusu bei. Maua yaliyobaki, pamoja na yale ambayo hayakufikia kiwango cha kusafirishwa ng'ambo, huuzwa kwa mafungu kwa pesa kidogo. Zaidi ya hayo, Januari na Februari ni miezi ya hewa kavu hapa Nairobi, kabla ya mvua ya masika. Mtu anayetaka kukausha chochote hana majira bora kuliko hayo. Ukitaka kuanza kazi hii, basi iandike tarehe hiyo ukutani.

Nilimwambia Mama maua yasiwekwe juani. Hilo lilikuwa kweli. Jua kali hufubaza rangi, na waridi jekundu hugeuka kahawia kama majani ya chai yaliyotumika. Nikamwambia ayaweke gizani. Hilo pia lilikuwa kweli. Nilichosahau kumwambia ni kwamba giza hilo lazima liwe na hewa inayopita. Basi akang'oa petali zote, akazitia ndani ya magunia mawili, akayasukuma chini ya kitanda.

Nyumba yake ni ya kumi kwa kumi, kama zetu sote. Humo ndimo anamopika, ndimo maji ya kuoga yanamochemshwa, na nguo za watoto zikikosa kukauka nje huanikwa humo humo. Siku ya tano alivuta gunia la kwanza, mvuke ukamjia usoni. Petali zilikuwa zimeshikana, zina joto kama samadi, na juu yake kumeota kuvu ya kijivu. Mama hakunilaumu. Aliketi kitandani akazitazama kwa muda mrefu, na laiti angenilaumu ningejisikia nafuu.

Kuvu ikishaota, msomaji, usijaribu kuokoa kitu. Usianike upya, wala usinyunyizie manukato juu. Tupa. Vumbi la kuvu likikaa ndani ya chumba kidogo huwaletea watu kikohozi, na mwenye pumu huteseka zaidi. Gunia la pili lilikuwa limeharibika upande mmoja tu, tukatenga kilichofaa na kuanza upya.

Njia iliyo sawa ni hii. Ng'oa petali siku ile ile uliyonunua maua, maana ua lililokwisha kunyauka hukauka na rangi mbaya. Zitandaze tabaka moja tu, zisilaliane, juu ya kitu kinachopitisha hewa chini na juu. Mama alipata kipande cha neti ya dirisha, akakifunga juu ya kreti tupu ya soda kikakazana kama ngoma. Kreti hiyo aliining'iniza karibu na dari. Wanaoishi chini ya mabati wanajua joto la huko juu saa nane za mchana, joto tunalolilalamikia kila siku, na kumbe kwa maua ni neema. Zigeuze petali kwa mkono kila jioni. Baada ya siku nne hadi saba zitakuwa zinalia kama karatasi ukizifinya. Ikiwa bado zinapinda kama ngozi, ziache.

Wakati wa kupika, shusha kreti uitoe nje. Kreti tatu za Mama zilikuwa zikishinda kwenye varanda la ploti mpaka ugali uive, na watoto wa majirani wakapewa kazi ya kuzilinda dhidi ya kuku.

Ukipenda uwe na maua mazima ya kuweka juu ya bakuli kama pambo, chagua machache yasiyofunguka sana, yafunge matano matano kwenye mashina na kuyaning'iniza kichwa chini kwa majuma mawili au matatu. Yafunge kwa mpira, si kwa uzi. Shina hukonda linapokauka, na uzi uliokaza jana utalegea keshokutwa, maua yote yaanguke. Mpira huendelea kubana.

Kabla ya kwenda mbele, jaribu hili: jaza chupa ya kioo, ile ya jemu au ya kahawa, petali unazodhani zimekauka. Funga kifuniko uilaze usiku kucha. Asubuhi ukiona ukungu wa maji upande wa ndani wa kioo, bado. Ukweli ni kwamba jaribio hilo dogo lingetuokolea gunia zima.

NA HARUFU JE?

Sasa tulikuwa na petali kavu, nyekundu, za kupendeza macho. Mama akainamisha uso ndani ya beseni. Akainua kichwa akanitazama. Hazikunukia chochote.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma vizuri zaidi. Waridi linalolimwa Naivasha na Thika limechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa mambo ambayo mfanyabiashara anayataka: shina refu, rangi isiyobadilika, nguvu za kustahimili magonjwa, na uwezo wa kusafiri kwa ndege hadi Uholanzi na kwingineko Ulaya kisha likae kwenye chombo cha maji kwa siku nyingi bila kupukutika. Harufu haikuwa katika orodha hiyo, na katika kuchagua na kuchagua ikaachwa njiani. Waridi la manukato ni jingine kabisa. Hilo hulimwa Bulgaria na Uturuki, Taif kule Saudia, na katika milima ya Jabal Akhdar nchini Oman, ambako hupikwa marashi. Ni ua dogo lisilo na maringo, na katika chombo cha maji halidumu.

Mama alikuwa na jibu lake tayari, nalo ndilo kosa la pili. Alikwenda mjini akarudi na kichupa kilichoandikwa mafuta halisi ya waridi, akakimimina chote juu ya petali. Siku ya kwanza ploti nzima ilinukia, hata kijana wa chumba cha mwisho akauliza ni harusi ya nani. Siku ya tatu hakukuwa na kitu ila petali zenye madoa ya mafuta.

Fikiri kidogo. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya waridi huhitajika petali za kiasi cha kilo 3,000 hadi 5,000. Hayo ni malori, si beseni. Sasa mtu akikuuzia kichupa cha mafuta hayo kwa bei ya mkate mmoja au miwili, amekuuzia nini? Bila shaka ni manukato ya kiwandani yaliyochanganywa na mafuta mengine mazito. Kuna njia rahisi ya kumjua mwongo. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe uiache hadi kesho. Mafuta mengi ya kunukia yaliyo halisi huruka hewani, yakaacha alama hafifu au yasiache kabisa. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha duara la ung'avu kama karatasi iliyofungiwa mandazi.

Nalo suala la namna mafuta haya yanavyopatikana halitamshangaza mtu wa Mathare. Majani au maua hutiwa ndani ya pipa, mvuke hupitishwa humo, kisha mvuke huo hupozwa ndani ya bomba na kurudi kuwa maji, mafuta yakielea juu. Umeshaona mtambo wa namna hiyo, nami sihitaji kukuambia kando ya mto gani wala ulikuwa unapika nini. Hata hivyo usijaribu kujipikia mafuta nyumbani. Moto, mvuke na nyumba za mabati zilizobanana havipatani, na tumezika watu wa kutosha kwa sababu ya moto.

Mafuta ya bei ya kadiri ambayo yaweza kuwa halisi ni yale ya mimea yenye mafuta mengi, kama karafuu, mchaichai na mkaratusi. Hayo tafuta. Ya waridi waachie wenye nazo.

USHAURI WA BIBI WA MAJENGO

Aliyetutoa matatani ni bibi mmoja wa Majengo, Pumwani, mtaa wa Waswahili wa Nairobi tangu miaka ya 1920. Mamake alitoka Lamu. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, akatukaribisha chai ya tangawizi, akaichota konzi ya petali zetu na kuzinusa. Halafu akacheka kwa adabu.

Alituambia kwamba kwao pwani hakuna anayetegemea ua lililokauka. Ua ni la usiku mmoja. Wanawake hutunga asumini zikiwa mbichi, hufunga vikuba vya asumini, rehani, kilua na mkadi, wakavichomeka kwenye nywele au kuvitia katika matandiko, na asubuhi kazi yake imekwisha. (Nilipotafuta baadaye niliona kwamba hata wataalamu wa mimea walipoupa mti wa kilua jina la kisayansi waliuita Mkilua fragrans, wakilichukua jina la Kiswahili lilivyo.) Asumini ikikauka harufu yake hupotea. Kinachotakiwa kudumu hakitafutwi kwenye maua. Hutafutwa kwenye utomvu, kwenye magome, kwenye mbao na kwenye viungo: ubani, uvumba, udi, liwa, mdalasini. Ndiyo maana udi hupikwa kwa sukari na manukato: harufu hupewa mahali pa kukaa.

"Nyinyi mmeipa harufu kitanda cha hariri," alisema bibi, akimaanisha zile petali nyembamba. "Ipeni nyumba ya mawe."

Ua moja tu alilisamehe, nalo ni karafuu. Wengi wetu tunaitia kwenye pilau bila kukumbuka kwamba karafuu ni tumba la ua, lililochumwa kabla halijafunguka na kuanikwa juani. Hilo ndilo ua kavu la Afrika Mashariki lenye sifa duniani, na Unguja na Pemba zimeishi kwalo tangu karne ya 19. Halihitaji kunyunyiziwa kitu. Kenya nayo ilipata jina kwa ua jingine kavu, pareto, ambalo kwa miaka mingi tuliongoza ulimwengu katika kulikuza. Ila hilo kazi yake ni kuua wadudu, usilitie bakulini.

Kutoka Majengo tukapita Eastleigh, ambako maduka ya Wasomali huuza unsi na ubani wa kila namna. Ubani na manemane hutoka pia kaskazini mwa nchi yetu, kwa hivyo usidhani unanunua kitu cha Arabuni tu. Viungo tulinunua Ngara kwa vipimo vidogo. Maranda ya mwerezi, ule ambao watu wa bara huuita mutarakwa, Mama alipewa bure na fundi seremala. Kuhusu msandali ninakuonya: serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa msandali wetu wa porini mwaka wa 2007, kwa sababu ulikuwa unang'olewa na mizizi yake. Mtu akikuletea kipande chake kwa siri, mwache apite nacho.

Na sasa vipimo, ambavyo Mama ameniruhusu kuvitoa. Petali kavu vikombe vinne. Majani makavu yanayonukia kikombe kimoja. Rehani, mchaichai na rosemari zinafaa, na ukiwa na jamaa Narok au Naivasha mwombe majani ya leleshwa, ambayo Wamaasai wamekuwa wakiyatumia kuondoa harufu ya jasho tangu zamani. Maganda ya machungwa mawili yaliyokatwakatwa nyembamba na kukaushwa mpaka yavunjike. Karafuu vijiko viwili vya mezani. Vijiti vitatu vya mdalasini vilivyovunjwa kwa mkono. Iliki kumi zilizopondwa kidogo. Maranda ya mwerezi konzi moja.

Kisha kuna ubani, vijiko viwili vya mezani vilivyotwangwa. Utwange asubuhi kukiwa na baridi, kwani ukipata joto hunata kwenye kinu. Matone kumi ya mafuta usiyatie kwenye petali kamwe. Yatie kwenye ubani na maranda, changanya, fungia ndani ya chupa siku mbili. Hiyo ndiyo nyumba ya mawe ya bibi. Baada ya hapo changanya na vingine vyote ndani ya chupa kubwa au mtungi wenye kifuniko, usiujaze mpaka juu, uuweke gizani kwa majuma matatu au manne na kuutikisa kila siku mbili. Usiwe na haraka. Ukifungua siku ya tatu utasikia karafuu peke yake na utadhani umeharibu. Harufu hizo zinahitaji muda wa kuzoeana.

Ikipoa baada ya miezi miwili mitatu, ongeza matone machache kwenye maranda, funga tena juma moja. Huna haja ya kutupa.

Kuna mambo ya kuangalia. Maua ya shambani hupigwa dawa za wadudu, kwa hivyo petali hizi si za chai wala za kuogea mtoto, na unawe mikono baada ya kuzishughulikia. Mafuta ya karafuu ni makali. Mtoto akiyanywa hata kidogo yanaweza kumdhuru vibaya, basi kichupa kikae juu, kimefungwa. Mafuta yote ya aina hii hushika moto haraka. Usiyaweke karibu na stovu. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, anza na kifuko kidogo uone, na akikohoa kitoe. Tena, mama mwenzangu, maua haya hayasafishi hewa. Moshi wa jiko la makaa una sumu isiyo na harufu kabisa, na hakuna karafuu itakayoifukuza. Dirisha lifunguliwe kwanza.

BIASHARA NA MVUA

Mwishoni mwa Machi Mama alikuwa na mtungi wa kwanza ulioiva. Hakuuza kwa bakuli. Nani hapa ana meza ya bakuli la maua? Alitengeneza vifuko vidogo kwa vipande vya vitambaa vinavyotupwa na mafundi wa cherehani wa Gikomba, akajaza vijiko vitatu katika kila kimoja, akakaza kwa uzi. Karatasi za plastiki hakuzitaka, kwani tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imekatazwa nchini, na kitambaa hupitisha harufu vizuri zaidi. Wateja wake wa kwanza walikuwa wauzaji wa mitumba, watu wanaoijua harufu ya bale likifunguliwa. Wakafuata makanga wawili wa matatu za Juja Road. Mmoja alirudi kununua cha pili kwa ajili ya viatu vyake.

Kisha mvua ikaja. Mwezi wa Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku. Watu walipoteza maisha, na wengine wengi wakabaki na nguo walizovaa. Mwezi uliofuata, nyumba zilizokuwa karibu na mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Dadake Mama alikuwa akiishi huko chini pamoja na watoto wake wawili. Kwake ndiko kulikowekwa nusu ya petali kavu, kwa sababu alikuwa na nafasi. Zote zilikwenda na maji, lakini hakuna aliyezitaja. Dada na watoto walikuja kukaa na Mama, watu saba ndani ya kumi kwa kumi, na kreti zikashushwa kutoka darini ili kamba za nguo zipate mahali.

Nilidhani hapo ndipo mambo yameishia. Lakini dada huyo ni fundi wa kushona, na cherehani yake ilikuwa imeokolewa. Ndiye aliyegundua kwamba majira ya mvua hayahitaji petali. Kifuko hakionyeshi kilichomo, basi waridi la nini? Mei yote walijaza vifuko kwa karafuu, maganda ya machungwa yaliyokaushwa juu ya sufuria kwa moto wa mwisho wa jiko, mdalasini, maranda na ubani. Vilinukia kuliko vile vya kwanza, na vikagharimu kidogo. Maua yakarudi kuwa kazi ya Januari na Februari, kwa wale wanaotaka bakuli.

Pesa za chama hazikurudi zote mwaka ule. Mama hataki niandike vinginevyo. Gunia lililooza, kichupa cha waridi la uongo na mafuriko vilikula sehemu kubwa, na kodi ya Machi ililipwa kwa kukopa. Lakini Februari iliyofuata alinunua tena maua, safari hii ndoo moja tu, kwa pesa za vifuko.

Kutokana na ndoo hiyo alitengeneza bakuli moja zuri, waridi tano nzima juu, vijiti vya mdalasini kando. Aliondoka nalo kwenda Muthaiga siku ya kufua, limefunikwa kwa leso. Mwenye nyumba alilinusa, akauliza limenunuliwa duka gani na kwa bei gani. Mama alitaja bei ile ile aliyotajiwa siku ya kwanza, akapokea noti zake na kuzihesabu. Baada ya kuzifunga kwenye pindo la leso ndipo akasema ametengeneza yeye mwenyewe.